Barua kwa mwanangu: mlango wa babu yako

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Umeniuliza tumuuzie yule mtu wa hoteli mlango wa nakshi wa babu yako au tukatae, maana nyumba ya Ng'ambo, hapa Tabora, haina mtu tena. Bei yake nimeiona, si haba. Lakini kwanza habari ya rangi, ambayo shangazi yako huisimulia kila harusi, na kila harusi anaikosea.

Nilikuwa na miaka 17. Idi imekaribia, babu yako yuko safarini Urambo. Nikanunua kopo la rangi ya mafuta, ya kijani, kwa pesa zangu za kwanza za kibarua, nikaupaka wote: miimo ya pembeni, mfaa wa katikati, hadi njumu za shaba. Ulimeremeta! Aliporudi alisimama barazani, mkoba bado begani, akasema, "Ahsante." Basi. Heri angenichapa.

Kesho yake akanipa spoki ya baiskeli aliyoinoa mwenyewe: toa rangi, mfereji kwa mfereji. Miezi mitatu. Ndipo nilipouona mlango niliozaliwa nyuma yake. Mnyororo pembezoni, kinga ya nyumba. Samaki chini ya miimo, dua ya uzazi. Na juu kwenye kizingiti yale maua ya duara, ambayo siku zote nilidhani ni jua. Nimekwambia mara ngapi: jicho huona baada ya mkono.

Siku moja babu yako akatoa mfukoni tunda kavu la mninga, lile bapa, kitovu chake kimejaa vimiba na ubawa mwembamba umekizunguka kwa mikunjo. Akalishikiza juu ya ua moja. Hakusema neno.

Sasa, najua maua ya namna hiyo yamejaa Zanzibar na Lamu, na huko wengi watakwambia ni yungiyungi. Fundi wetu alikuja na misafara, na nakshi zake alikuja nazo kutoka pwani. Huenda mzee alinichezea tu. Lakini ubao ni mninga wa pori hili hili, mti ambao ukiukata unatoka utomvu mwekundu kama damu. Mtu aupasue mti ule asiyaone matunda yake yananing'inia? Sikubali. Au nakubali nusu. Jicho huona baada ya mkono, na yule fundi, mkono wake ulikuwa humo.

Kuhusu kuuza, sikuamulii. Mninga mchwa hawauwezi, ila kuta zile za udongo watazimaliza, hilo kweli. Huko hotelini watausugua, wataupaka vanishi, wageni watapigia picha... Nimesema sikuamulii.

Ila njoo wewe kabla yake. Mwimo wa kushoto, samaki wa chini kabisa, ndani ya jicho lake kuna kijani. Spoki ilifika. Babu yako ndiye aliyesema hicho nikiache.

Baba yako