Trans, cis na methili: mimi nilipanga kichwa chini miguu juu

Mdogo wangu umeuliza kwa nini trans-2-buteni (methili zake, yaani CH3, ziko pande tofauti za dabo bondi) imetulia kuliko cis (methili upande mmoja) wakati fomula ni ileile, afu kama kubanana ni kubaya mbona alkeni, yaani yenye dabo bondi ya kaboni kwa kaboni, ikiongezewa methili ndo inazidi kutulia. Swali la pili ndo tamu, ila anza na joto.

Mimi nikiwa fom siksi PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia), moko ilikuja na joto la kuongeza haidrojeni, yaani joto linalotoka dabo bondi ikipokea haidrojeni, 1-buteni 127, cis 120, trans 115.5, kilojuli kwa moli, panga kwa uthabiti. Nikaona 1-buteni inatoa joto jingi basi hiyo ndo ngangari, nikala sifuri swali zima. Kumbe zote 3 zikishapata haidrojeni zinakuwa butani ileile, yaani chini ni palepale, so inayotoa joto jingi ndo iliyokuwa juu kinishati, yaani ndo haijatulia. Nazi mbili zikidondoka kwenye mchanga uleule, yenye kishindo ndo ilitoka juu zaidi, basi.

Cis na trans wanapishana kama 4 tu. Methili za cis ziko upande mmoja zinasukumana kama siti ya nyuma ya daladala na dabo bondi haizunguki, hakuna wa kuhama.

Sasa methili. Chukua zinazoishia kuwa 2-methilibutani zikipata haidrojeni: 3-methili-1-buteni 127, 2-methili-1-buteni 119, 2-methili-2-buteni 113. Kila kundi moja likiongezeka kwenye kaboni za dabo bondi joto linashuka 6 mpaka 8, kwa sababu elektroni za bondi za C-H za jirani zinatambaa kidogo kuingia kwenye obitali tupu ya dabo bondi, hiyo ndo haipakonjugesheni. Ila kubanana hakujaenda popote! Angalia 2,3-dimethili-1-buteni 117 na 2,3-dimethili-2-buteni 111, hapo yameongezeka makundi mawili lakini umepata 6 tu, maana yakiwa manne lazima kuna jozi mbili za cis, nusu ya faida inaliwa na msukumano. Kwa hiyo hukukosea, vyote viwili vinatokea kwa pamoja, ila methili inaleta kingi kuliko inachoharibu.

Na usilinganishe zinazoishia alkeni tofauti, sorry, alkani tofauti, kama 2-methilipropeni na cis-2-buteni, mchanga sio mmoja hapo.

Kwenye pete ndogo, yaani kaboni chache zilizofunga duara, sahau trans, sikloheksini, namaanisha siklohekseni ya kawaida ni cis tu, haiwezi kujinyoosha. Siklookteni ya trans ipo ila cis inaishinda mbali.