Maswali ya Wasomaji: Mifupa ya Meksiko na kafara za binadamu

SWALI: Bwana Mhariri, ninafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Kadutu, Bukavu. Tulipofika kwenye vita vya Wahispania huko Meksiko, mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini tuamini kwamba Waazteki walichinja watu kwa ajili ya miungu yao, ilhali wanaotusimulia ni wale wale waliokuja kuwanyang'anya nchi. Alikumbusha kwamba babu zetu nao waliandikwa kuwa wala watu, na walioandika hivyo walikuwa wakitafuta pembe na mpira. Je, upo ushahidi usiotoka katika kalamu ya mshindi?

JIBU: Mwalimu, shaka ya mwanafunzi wako ina msingi, nami nisingependa uizime. Hernán Cortés, kiongozi wa Wahispania waliovamia, alifika Meksiko mwaka 1519, Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, ukaanguka tarehe 13 Agosti 1521, na kadiri Waazteki walivyoonekana katili ndivyo vita vile vilivyoonekana vya haki mbele ya mfalme na Kanisa. Padri Diego Durán, aliyeandika miongo kadhaa baadaye, anadai kwamba mwaka 1487, hekalu kuu lilipozinduliwa, watu 80,400 waliuawa katika siku nne. Pigeni hesabu hiyo ubaoni: ni karibu watu 14 kila dakika, usiku na mchana, bila mtu kupumzika. Mimi siikubali, na wataalamu wengi hawaikubali. Hata hivyo, idadi kutiwa chumvi ni jambo moja, na tendo lenyewe kutokea ni jambo jingine.

Kuhusu tendo lenyewe, ardhi imesema waziwazi. Huko Teotihuacan, mji uliokufa karne nyingi kabla ya Waazteki, wachimbaji wa miaka ya 1980 waliwakuta watu zaidi ya 130 wamezikwa chini ya piramidi ya Nyoka mwenye Manyoya na pembeni mwake. Wengi wao mikono yao ilikuwa nyuma ya mgongo, kama ya watu waliofungwa, na baadhi walivaa mikufu ya mataya ya binadamu, mengine ya kweli na mengine ya kuigiza yaliyochongwa kwa kombe za baharini. Piramidi hiyo ilijengwa mnamo mwaka 200 baada ya Kristo, yaani miaka 1,300 kabla ya Mhispania yeyote kukanyaga pale.

Katika jiji la Meksiko kwenyewe, mwaka 2015, wanaakiolojia wa taasisi ya taifa ya mambo ya kale wakiongozwa na Raúl Barrera walichimba nyuma ya kanisa kuu wakagundua mnara wa duara, wenye upana wa karibu mita 5, uliojengwa kwa mafuvu yaliyoshikizwa kwa chokaa. Kufikia Desemba 2020 walikuwa wamehesabu mafuvu 603. Andrés de Tapia, askari wa Cortés, alikuwa ameandika juu ya minara ya namna hiyo, na kwa muda mrefu wako waliodhani anatunga. Kuhusu mnara alisema kweli. Kuhusu mafuvu 136,000 aliyodai kuwapo mahali pale, wachimbaji hawajaona kitu kinachokaribia hapo.

Lakini fuvu peke yake si ushahidi wa kafara, na sisi wa upande huu wa Tanganyika tunalijua hilo vizuri: kichwa cha mtemi Lusinga kilikatwa mwaka 1884 na watu waliotumwa na afisa wa Kibelgiji Émile Storms, fuvu lake likapelekwa Ubelgiji, na hakuna aliyeita jambo hilo ibada. Ndiyo maana wachunguzi wa mifupa hutazama alama ndogo za visu. Mafuvu ya Tenochtitlan yametobolewa kwenye panja zote mbili ili mti upite wa kuyatundikia, na mikato midogo iliyoachwa na mawe makali yaliyobandua ngozi na nyama imerudiwa mahali pale pale, kichwa baada ya kichwa, jambo linaloonyesha mikono ya watu waliofundishwa kazi hiyo. Chini ya hekalu hilo kuu alipatikana pia mtoto wa miaka 5 hivi, aliyewekewa mabawa ya ndege mwindaji mabegani, na mbavu zake zina mikato upande wa ndani. Katika vita mkuki huingia kutoka nje. Mikato kama hii huachwa na kisu kilichopitishwa ndani ya kifua kuufikia moyo.

SWALI: Waliochinjwa walikuwa akina nani? Nimesikia kwamba walikuwa mateka wa vita tu, na kwamba Wamaya walitupa mabikira kisimani. (Msomaji, Goma)

JIBU: Mateka walikuwa wengi, lakini hawakuwa peke yao. Kati ya mafuvu ya Tenochtitlan yaliyochunguzwa kwanza, karibu robo tatu ni ya wanaume, hasa wa miaka 20 hadi 35. Sehemu moja kwa tano ni ya wanawake, na machache ni ya watoto. Shimo jingine la hekalu hilo lilikuwa na watoto 42 waliotolewa kwa Tlaloc, mungu wa mvua, yaelekea wakati wa ukame mkali wa mnamo mwaka 1454. Wengi walikuwa na meno mabovu na mifupa yenye dalili za upungufu wa damu.

Habari ya mabikira ilienea sana mwanzoni mwa karne ya 20, na imewapendeza watalii kuliko wachunguzi. Katika kisima kitakatifu cha Chichén Itzá, mji wa kale wa Wamaya, kabila jingine la Meksiko, kulipatikana mifupa ya wanaume, wanawake na watoto. Karibu na hapo, mwaka 1967, lilipatikana tangi la chini ya ardhi lenye mifupa ya watoto zaidi ya 100. Uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2024 ulipima 64 kati yao, na wote walikuwa wavulana. Angalau robo walikuwa na ndugu wa karibu humo humo, wakiwemo jozi mbili za mapacha wa kufanana.

SWALI: Ni kweli kwamba hata Waafrika walitolewa kafara huko? (Msomaji, komini ya Kenya, Lubumbashi)

JIBU: Ndiyo. Mwaka 1520 watu wa Zultepec, mashariki ya mji mkuu, waliuteka msafara wa Cortés wenye Wahispania, wenyeji washirika wao, na watu wenye asili ya Kiafrika walioletwa kutoka visiwa vya Karibi. Mateka waliwekwa vyumbani na kutolewa kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Mafuvu yao yaliyotobolewa yamechimbuliwa pale. Nguruwe wa msafara waliuawa pia, lakini wakatupwa visimani bila kuliwa. Mwaka uliofuata Cortés alimtuma Gonzalo de Sandoval kuuteketeza mji huo.