Maswali ya Wasomaji: Tui la Nazi, Shingo Nyeusi na Usugu wa Insulini

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Tanga. Binti yangu wa kwanza ana miaka 13, na tangu mwaka jana ngozi ya shingo yake upande wa nyuma na ya kwapani imekuwa nyeusi na nene kama mahameli. Nilidhani ni uchafu, nikawa namsugua kwa dodoki mpaka analia. Hospitalini tumeambiwa kuwa sukari yake kabla ya kula ni 5.4, yaani hana kisukari, lakini uzito umezidi na ana dalili za usugu wa insulini. Wifi yangu anasisitiza niache kabisa kupikia nazi, tena binti apikiwe peke yake chakula kisicho na tone la mafuta. Je, ni kweli kwamba mafuta ndiyo yaliyomfikisha hapa? – Mama mzazi, Tanga

JIBU: Mama, nianze na dodoki, kwa kuwa ndilo linalomuumiza mtoto leo. Weusi ule hautokani na uchafu. Insulini inapozidi katika damu huchochea seli za ngozi kukua kwa kasi, hasa kwenye mikunjo ya shingo na kwapa, na kusugua huichubua ngozi na kuweza kuizidishia weusi. Tafadhali acheni dodoki, na msikimbilie krimu za kung'arisha. Hali ya insulini ikitengemaa, weusi hufifia polepole. Mweleze binti yako jambo hili kwa maneno yako mwenyewe, kwa sababu mtoto aliyesuguliwa shingo kwa muda mrefu huenda ameshaamini kwamba yeye ni mchafu.

Insulini hutolewa na kongosho kila tunapokula, nayo huziamuru seli za misuli kupokea sukari kutoka kwenye damu, na huliamuru ini lipunguze sukari linayoitoa. Usugu ni pale seli zinapoitikia amri hiyo kwa unyonge, hata kongosho likalazimika kutoa insulini nyingi zaidi ili kazi ile ile ifanyike. Kipimo cha 5.4 kinaonyesha kuwa kongosho la binti yako bado linaumudu mzigo, ingawa hakionyeshi linautumikia kwa taabu kiasi gani. Halafu kuna balehe. Homoni ya ukuaji inapopanda, uwezo wa mwili kuitikia insulini hupungua kwa takriban theluthi moja hata kwa mtoto mwembamba, na kwa kawaida hurejea balehe inapokwisha. Binti yako yumo katika miaka ambayo mzigo mdogo wa ziada huonekana mkubwa.

Mafuta huingia katika habari hii kwa njia ambayo wengi hawaitarajii. Mahali salama pa kuhifadhi mafuta mwilini ni chini ya ngozi, lakini chakula kikizidi matumizi kwa muda mrefu na hifadhi hiyo ikaelemewa, mafuta hupenya hadi kwenye ini na ndani ya nyuzi za misuli, na huko huvuruga ujumbe wa insulini ndani ya seli. Watafiti nchini Marekani waliopima misuli ya vijana wanene kwa mashine za picha waliona kwamba wenye mafuta mengi ndani ya misuli ndio waliokuwa na usugu mkubwa zaidi, hata walipolinganishwa na wenzao wenye unene ule ule.

Kwa hiyo wifi yako ameshika sehemu ya ukweli. Sehemu aliyoiacha ni kwamba ini hutengeneza mafuta hata kutokana na sukari, hasa ya vinywaji, inayofika kwa wingi na kwa haraka. Chupa ya soda ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30 za sukari, yaani vijiko vya chai saba hivi. Ukiniuliza kipi kitangulie kutoka nyumbani kwako, nitataja soda na juisi za pakiti kabla ya nazi.

Hata hivyo, aina ya mafuta ina uzito wake. Takriban asilimia 90 ya mafuta ya nazi ni ya kundi linaloganda kwa baridi. Ya mawese ni karibu nusu, na ya alizeti ni kama sehemu moja ya kumi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, watu wazima 162 wenye afya walifuatiliwa kwa miezi 3: waliopewa zaidi mafuta ya kundi linaloganda waliitikia insulini kwa unyonge zaidi kuliko walivyoanza, ilhali waliopewa mafuta ya aina ya zeituni hawakushuka. Tofauti hiyo ilitoweka kwa wale ambao mafuta, ya aina yoyote, yalizidi takriban asilimia 37 ya nishati yote waliyokula. Hao walikuwa watu wazima, lakini somo la kiasi naliona linafaa hata kwa vijana.

Nazi, basi, usiitupe. Tazama sahani: ikiwa na wali wa nazi, maharage ya nazi na samaki wa kupaka, tui limeingia mara tatu katika mlo mmoja. Chagua chungu kimoja cha kutia tui, vingine uviunge kwa nyanya na vitunguu. Mafuta ya kupikia yapime kwa kijiko badala ya kuyamimina kutoka kwenye dumu, kwani kijiko kikubwa kimoja hubeba takriban kalori 120. Epuka mafuta magumu ya kopo yaliyogandishwa kiwandani, ambayo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwito mwaka 2018 yaondolewe katika vyakula. Vibua, dagaa, parachichi na karanga chache zisizotiwa chumvi ni mafuta mema kwake.

Chakula kisicho na tone la mafuta sikikubali kabisa. Mtoto anakua, na vitamini A, D, E na K huhitaji mafuta ili zifyonzwe. Sufuria ya peke yake nayo humtenga na wadogo zake. Nyumba nzima ile chakula kimoja. Ajishughulishe kwa dakika 60 kila siku, iwe kwa kuruka kamba, netiboli au kutembea kwenda shuleni, kwa kuwa misuli inayofanya kazi huvuta sukari hata insulini ikiwa dhaifu. Mrudishe kupimwa kama daktari alivyopanga, na umpeleke mara moja akianza kuwa na kiu kali, kukojoa sana au kukonda bila sababu.

SWALI: Nina miaka 16 na ni mwembamba. Baba ana kisukari aina ya pili, nami hula viazi karai na kachori karibu kila siku nikitoka shule. Je, mwembamba hupata usugu wa insulini? – Mwanafunzi, Mombasa

JIBU: Ndiyo, mwanangu, anaweza. Hifadhi ya mafuta chini ya ngozi hutofautiana baina ya watu, na wapo ambao hujaa mapema, mafuta yakahamia kwenye ini kabla mwili haujaonekana mnene. Kisukari aina ya pili pia hurithika kwa kiasi kikubwa. Viazi karai vibaki vya siku moja kwa wiki, siku nyingine ule matunda au mahindi ya kuchoma, na baba atakapokwenda kliniki mwezi huu ufuatane naye, umwambie mhudumu kuwa wewe ni mwanawe na unataka kupimwa.