Kuku wa Jumapili Huku Leipzig: Jibu kwa Ndugu wa Korogwe

Ndugu zangu,

Tangu nilipowatumia picha ya kuku mzima mezani kwangu, Mama Mkubwa ameuliza kama ni kweli kwamba huku Ujerumani tunakula kuku kila Jumapili, na binamu mmoja ameongeza kwamba mtu anayekula hivyo hawezi kukosa ada ya mdogo wake. Maswali hayo yanastahili jibu la wazi.

Ni kweli, karibu kila Jumapili namwoka. Lakini huku kuku si kitoweo cha mgeni wala cha sikukuu. Kuku mzima wa kawaida wa dukani hupatikana kwa fedha isiyofikia ujira wa saa moja wa kima cha chini, ambao mwaka 2025 ulikuwa euro 12.82, kinachoumaliza mshahara wangu ni kodi ya nyumba, bima na umeme. Humnunua Jumamosi, kwa kuwa Jumapili karibu maduka yote hufungwa kisheria.

Aliyenifundisha ni jirani yangu, bibi mstaafu, ambaye humwita kuku wa kuoka "Broiler", kama walivyozoea watu wa iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Nilipolisikia neno hilo kinywani mwake nilifurahi mno, maana nasi tunasema kuku wa broila. Kuku wa kilo moja na robo hukaushwa vizuri ili ngozi iwe kavu, hupakwa siagi iliyoyeyushwa pamoja na chumvi, pilipili manga na paprika ya unga, hutiwa kitunguu tumboni, kisha hulazwa kwenye trei juu ya viazi na karoti. Hukaa ndani ya oveni yenye joto la nyuzi 180 hadi 200 kwa muda wa saa moja na robo hivi, huku akimwagiwa mafuta yake mwenyewe mara kwa mara, mpaka paja likichomwa kisu litoe maji maangavu yasiyo na wekundu. Mafuta yanayodondoka ndiyo yanayozikoleza mboga, na yanayobaki kwenye trei huongezwa maji na unga kidogo yakawa mchuzi.

Hakuna nazi, tangawizi wala ndimu, na miezi ya mwanzo nilikiona chakula hiki kimepooza. Sasa naipenda karoti iliyoiva hivyo kuliko nyama yenyewe. Msijaribu kwa kuku wa kienyeji bila kumchemsha kwanza, kwa sababu huyu wa huku huchinjwa akiwa na umri wa wiki chache tu na nyama yake ni laini mno. Anayenikumbusha kuku wa Mama Mkubwa ni yule mtetea mzee anayeuzwa kwa ajili ya supu, ambaye huchemshwa saa mbili na zaidi.

Pembeni bibi huweka kabichi nyekundu iliyopikwa kwa tofaa, siki na karafuu. Siku ya kwanza nilipoinusa ile karafuu, nilimweleza habari za Pemba mpaka chakula kikapoa.

Kuku huyo, ambaye nyumbani angewatosha watu wanane, bibi asipokuwepo humla peke yangu hadi Jumanne, na ninavyowakumbuka nyakati hizo siwezi kuwaeleza. Kuhusu ada, nitatuma nusu mwisho wa mwezi huu na nusu mwezi ujao, kama nilivyoahidi.