Anza na chumvi, mtambo baadaye

Ndugu, umeuliza kama ununue mtambo wa kusafisha majitaka au ubadili namna ya kutia rangi vitambaa vya pamba, maana maji yanatoka mekundu hata baada ya kutuama tangini. Mimi ningeanza na utiaji rangi wenyewe. Rangi hizo zimeyeyuka. Hazitatuama hata ukizisubiri wiki nzima. Na chumvi, ile inayotiwa kwenye maji ya rangi ili rangi ishike pamba, ndiyo kero zaidi: haionekani, na bakteria wa kusafisha majitaka hawaiondoi.

Jaribu njia ya baridi. Kitambaa kinapitishwa kwenye mchanganyiko wa rangi na magadi, kinakamuliwa kati ya roli mbili, kinaviringishwa na kufungwa plastiki, kisha kinazungushwa polepole, mara nyingi saa 12 hadi 24. Chumvi haihitajiki, na rangi hushika vizuri zaidi. Ila plastiki ibane sawasawa. Kingo zikikauka, rangi haitakuwa sawa kote, na kitambaa kimeharibika.

Mashine zinazotia rangi kwa kaboni dayoksaidi badala ya maji achana nazo: zinafaa poliesta, siyo pamba. Mtambo bado utauhitaji, ila pima kwanza majitaka yatakayotoka baada ya kubadili njia, ndipo uagize saizi.