Usisubiri Ufunguo wa Maabara

Juma lililopita msichana wa kidato cha pili kutoka Arua aliniandikia hivi: "Dada, shuleni kwetu maabara ipo ila tangu muhula uanze hatujaingia. Mwalimu anatuchorea mizani ubaoni. Na mimi nataka kusoma PCM kama wewe. Nifanye nini?"

PCM ni fizikia, kemia na hisabati za kidato cha tano na sita. Nilimjibu kwa kifupi siku ileile, lakini naona swali lake linastahili zaidi ya mistari miwili. Najua mko wengi mnaotaka uinjinia, udaktari au urubani, na kila siku mnaupita mlango wa maabara ukiwa na kufuli. Basi nisikilizeni, kwa sababu fizikia mimi sikuianzia maabara. Niliianzia jikoni kwa Mama.

Mimi ni wa kundi la kwanza la mtaala mpya wa sekondari hapa Uganda. Tuliingia kidato cha kwanza mapema 2020, na sare hazijapauka, mwezi Machi shule zikafungwa kwa sababu ya Korona. Zilikuja kufunguliwa kwa wanafunzi wote tarehe 10 Januari 2022. Sisi tunaishi kambi ya polisi, mashariki mwa nchi, kambi ya Wateso, Walugbara, Waganda na Wakaramoja ambao lugha yao ya pamoja ni Kiswahili. Baba alikuwa kazini usiku na mchana kusimamia kafyu. Masomo yalikuja kwa redio na kwa makaratasi yaliyochapwa kwenye magazeti. Redio tulikuwa nayo, betri ndizo zilikuwa za kubahatisha. Kilichoniokoa ni kitabu cha fizikia cha kaka mmoja wa jirani, kilichokuwa kimekatika jalada, na sura yake ya kwanza iliyobaki nzima ilikuwa ya usawa wa vitu.

Jaribio lililonishika kwanza ni la uma mbili. Unazipachika meno kwa meno mpaka zishikane, unapenyeza kijiti cha meno kati ya meno hayo, halafu unaegemeza kijiti kwenye ukingo wa bilauri. Mipini ya uma inarudi nyuma kuelekea upande wa bilauri, na kitu chote kinakaa hewani kwa nukta moja tu ya kijiti. Uma zenyewe zilikuwa za wageni, zinazokaa kabatini, kwa hiyo niliomba ruhusa na Mama akasimama pembeni kulinda mali yake. Wadogo zangu walipiga makofi. Mama akasema, "Sasa niambie kwa nini haianguki," na nikajiona sina jibu la kueleweka, nikarudi kitabuni.

Jibu ni hili. Uzito wote wa uma mbili na kijiti unaweza kuhesabiwa kana kwamba umekusanyika mahali pamoja, panapoitwa kitovu cha uzito. Mipini inayorudi nyuma inakivuta kitovu hicho mpaka kinakaa chini kabisa ya pale kijiti kinapogusa bilauri. Kitovu kikiwa chini ya egemeo, ukikisukuma kidogo kinarudi chenyewe. Kikiwa juu ya egemeo, mfano yai lililosimamishwa kwa ncha, ukikigusa tu kimekwenda. Unaweza hata kuwasha ncha ya kijiti iliyo upande wa ndani wa bilauri: moto unakula mti hadi ukingoni, unazimika, kwa sababu bilauri inanyonya joto lake, na uma zinabaki palepale.

Tangu siku ile nikajiwekea sharti ambalo sijaliacha mpaka leo: kabla ya kugusa chochote naandika ninachodhani kitatokea, na kwa nini. Tabiri kwanza, ndugu zangu. Bila kutabiri unacheza tu.

Lakini lililonibadilisha ni mizani. Nilichukua ufito ulionyooka wa urefu wa mita moja hivi, nikauchora alama kila sentimita kwa kutumia rula ya shule, nikaufunga uzi katikati na kuuning'iniza kwenye msumari wa mlango wa jiko. Upande mmoja ulikuwa unalala kidogo. Nikasogeza fundo la uzi, nywele kwa nywele, mpaka ufito ukakaa sawa. Hii hatua msiiruke: ufito wenyewe lazima usawazike kabla hujautundika kitu. Kisha nikatundika sukari ya kilo moja sentimita 20 kutoka kwenye uzi, na upande wa pili chumvi ya nusu kilo. Kwanza nikaandika daftarini: chumvi itasimama sentimita 40. Nikaisogeza taratibu. Ilipofika 40 ufito ukatetemeka, ukatulia.

Siwezi kuwaeleza furaha ile. Kilo 1 mara 20, nusu kilo mara 40, jibu ni moja. Uzito mara umbali wake kutoka kwenye egemeo lazima ulingane pande zote mbili. Archimedes wa Sirakusa aliieleza kanuni hiyo karne ya tatu kabla ya Kristo, na mimi niliiona inafanya kazi mlangoni pa jiko letu kwa uzi wa kushonea.

Siku chache baadaye Mama akaleta kilo ya maharage kutoka duka tunalonunua siku zote. Nikayatundika sentimita 20, nikaandika tena kwamba chumvi itasimama 40. Ikasimama 36. Nikadhani uzi umeteleza, nikarudia. 36. Nikabadilisha pande, maharage kushoto na chumvi kulia. 36. Ndipo nikaanza kuishuku chumvi yenyewe. Nikajaza maji nusu lita kwenye chupa nyepesi ya plastiki, maana maji nusu lita ni gramu 500, nikailinganisha na chumvi kwa umbali uleule. Zilikaa sawa, chupa ikizidi kidogo tu kwa uzito wa plastiki. Basi chumvi haikuwa na kosa. Nikapiga hesabu: 500 mara 36 ni 18,000, gawanya kwa 20, unapata gramu 900. Gramu 100 za maharage zilikuwa zimebaki dukani.

Mama hakusema neno. Alijifunga leso, akavaa barakoa, akachukua mfuko na akaniambia nije na daftari. Mwenye duka akatuambia, "Mama, mizani yangu ina alama ya serikali." Kweli, mizani za biashara Uganda hukaguliwa na Shirika la Taifa la Viwango, na zikipita hupewa alama. Mama akamjibu, "Sawa, mwanangu, basi pima tena mimi nikiangalia." Akapima. Akaongeza maharage. Hakubisha, na sisi hatukumtukana. Tulipokuwa tunarudi Mama aliwaambia majirani, mmoja baada ya mwingine, kwamba binti yake amepima kwa ufito. Kuanzia hapo akina mama wa kambini wakawa wanakuja na mifuko yao mlangoni petu, na ufito ule haukuondolewa tena kwenye msumari.

Jaribio jingine ninalolipenda ni la ramani. Nilikata umbo la Uganda kutoka kwenye boksi la sabuni, pamoja na sehemu yetu ya Ziwa Victoria, nikatoboa matundu matatu kwenye kingo. Unakiacha kipande kining'inie kwenye pini kwa tundu moja, unafunga uzi wenye jiwe kwenye pini hiyohiyo, na unachora mstari pale uzi unapopita. Unafanya vivyo hivyo kwa tundu la pili na la tatu. Mistari inakutana mahali pamoja, na hapo ukiiweka ramani juu ya ncha ya kalamu inalala sawa. Yangu ilikutana upande wa Nakasongola, karibu na Ziwa Kyoga. Mstari wa tatu ndio shahidi wako: usipopita kwenye makutano ya ile miwili, umetikisa kitu mahali.

Sasa niseme na lile linaloniuma bado. Shule zilipofunguliwa nilibeba daftari langu nikampelekea mwalimu, michoro yote, makadirio upande wa kushoto, matokeo upande wa kulia. Alifungua ukurasa mmoja, akasema, "Hii ni michezo ya jikoni, wewe soma noti." Darasa likacheka. Ulipofika wakati wa kazi za mradi, mizani yangu ya ufito ilitumiwa na kundi letu, na aliyeambiwa asimame mbele kuieleza ni mvulana ambaye hajawahi kuifunga uzi. Nilikaa nyuma nikimsikiliza akisema "nilipima". Imepita miaka na sauti ile bado naisikia.

Sikuacha. Mwaka 2024 tulifanya UCE, mtihani wa taifa wa kumaliza kidato cha nne, sisi wa kwanza chini ya mtaala mpya, na matokeo yalipotoka 2025 nilikuwa na A ya fizikia. Jaribio la rula ya mita juu ya egemeo, ambalo wenzangu walikuwa wanalihofia tangu kidato cha tatu, kwangu lilikuwa ni ufito wa mlangoni uliovaa nguo za shule. Leo nasoma PCM. Nasema haya kwa fahari na siombi radhi.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Arua na ninyi wengine: anzeni na mlichonacho. Ufito upo. Uzi upo. Chumvi ipo. Tabiri, andika, kisha pima. Ukimaliza, badilisha pande na upime tena. Tabiri kwanza kila mara, hata kama unaona aibu kukosea kwenye daftari lako mwenyewe. Fizikia ni somo la lazima hadi kidato cha nne, huwezi kulikimbia, na tathmini ya shuleni sasa inabeba asilimia 20 ya alama zako za mwisho. Daftari la majaribio uliyoyafanya kwa mkono wako ni mali. Liandike jina lako juu ya kila ukurasa, na siku kazi inapowasilishwa simama uieleze mwenyewe. Wasichana, hilo nawaambia mara mbili: simama uieleze mwenyewe. Ukimwachia mwingine aseme "nilipima", atasema.

Wazazi, mtoto akiomba uma za wageni, mpeni mkae pembeni muangalie. Walimu wangu, kama maabara mmeifunga kwa kuogopa vifaa kuvunjika, ufito hauvunjiki kwa hasara. Leteni ufito darasani.

Na wewe uliyeniandikia, anza leo jioni na ufagio wa mpini mrefu, ule wenye brashi. Ulaze juu ya vidole viwili vya shahada, kimoja huku kimoja kule, halafu visogeze vikutane polepole. Utaona kidole kimoja kinateleza, kinakwama, kisha kingine kinateleza. Kinachobeba uzito mkubwa zaidi ndicho chenye msuguano mkubwa, kwa hiyo kinasubiri mwenzake. Vitakutana kwenye kitovu cha uzito, karibu na brashi. Weka alama hapo. Sasa andika jibu la swali hili kabla ya kuomba msumeno: ufagio ukikatwa kwenye alama hiyo, je, vipande viwili vitakuwa na uzito sawa? Wengi husema ndiyo. Tundika kila kipande kwenye ufito wako, umbali uleule kutoka kwenye uzi, na utaona upande wa brashi unashuka: ulikuwa mzito zaidi ila uzito wake ulikuwa karibu na egemeo. Kisha sogeza mpini mpaka vilingane, usome sentimita, na uniandikie umepata ngapi.