Jibu: Mawazo ya shujaa yanaizamisha filamu

Asalaam aleikum ndugu yangu wa Wete. Umesema unaigeuza katuni yako ya kitabuni, ya shujaa wa usiku, kuwa filamu ya michoro, lakini ina kurasa nzima za mawazo yake, na ukiyasomesha kwa sauti filamu inapoa. Yalinikuta hayo hapa Ng'ambo, Unguja. Kwanza funika maandishi, mstari mmoja mmoja. Picha ikieleweka bila ya mstari huo, ufute. Filamu ya michoro ya The Dark Knight Returns, sehemu mbili za 2012 na 2013, iliyaacha mawazo ya shujaa wake Batman yaliyojaa kwenye katuni ya 1986, matendo yakabeba mzigo. Na usiku usiupake weusi mtupu! Tumia buluu iliyokolea, kisha itazame kwenye simu, mchana, barazani. Mimi nilirudia michoro ya wiki tatu kwa kosa hilo. Kurekodi sauti sijawahi, hapo atakusaidia mwengine.